Maktaba Saa Nne Usiku

Saa nne usiku Kaptembwo, mtaa wa hapa Nakuru, haijalala. Mama mboga wa kwenye kona bado ana taa yake, redio ya jirani inapita ukutani kana kwamba ukuta haupo, na matatu za mwisho kutoka mjini zinashusha watu waliotoka zamu. Ndani ya ploti moja, katika chumba cha futi kumi kwa kumi, mwanafunzi wa mwaka wa pili ameketi kitandani, simu imechomekwa chaji, mdogo wake amelala upande wa ukutani. Asaimenti inatakiwa kesho saa mbili asubuhi. Mhadhiri ameagiza marejeleo matano ya makala za kitaaluma, akaongeza kwamba Wikipedia hataki kuiona. Bando alilonunua jioni limebaki megabaiti 200 hivi.

Wewe mkutubi mwenzangu, au wewe mhadhiri uliyeambiwa kwenye mkutano wa idara kwamba mafunzo ya maktaba sasa yahamie mtandaoni, huyo ndiye mtu wako. Mwandikie yeye. Yule wa kwenye brosha ya chuo, mwenye laptopu mpya chini ya mjakaranda, atajimudu hata usipomfundisha.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza na yule wa brosha. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilitakiwa niandae mafunzo ya maktaba ya mtandaoni kwa wiki mbili. Nikaandaa slaidi sitini na mbili. Zilikuwa na historia ya maktaba yetu, saa za kufungua jengo ambalo lenyewe lilikuwa limefungwa kwa kufuli, namba za Dewey kuanzia 000 hadi 999, na picha ya ukurasa wa mbele wa kila hifadhidata tuliyolipia. Nikazisoma zote kwa Zoom, dakika sabini. Waliingia zaidi ya mia moja. Nilipomaliza walikuwa wamebaki kumi na tisa, na sina hakika wote walikuwa macho. Jioni nikapokea ujumbe mmoja tu: "Mwalimu shikamoo. Naomba kuuliza, hiyo paswadi ni ile ya potali ama ni nyingine?"

Dakika sabini za kuzungumza, na sikuwa nimegusa kitu cha kwanza kinachomzuia mtu mlangoni.

Basi tuanze mlangoni. Somo lako la kwanza liwe la kuingia maktabani ukiwa nje ya chuo, na lisiwe na kitu kingine chochote. Mweleze mwanafunzi pia kwa nini mlango huo upo, maana asiyejua sababu hudhani ni simu yake mbovu. Kampuni zinazochapisha majarida ya kitaaluma hazimjui yeye. Zinachokijua ni anwani ya intaneti ya chuo, kwa kuwa chuo ndicho kilicholipa, na hapa kwetu maktaba nyingi hulipa kwa pamoja kupitia muungano wao, KLISC, ulioanza mwaka 2003. Ukiwa ndani ya kampasi unaonekana kama abiria wa basi la chuo: askari wa geti anaona rangi za basi na kuinua kizuizi. Ukiwa Kaptembwo unakuja kwa miguu, huna sare, na askari hana namna ya kukutambua. Ukurasa wa kuingilia wa maktaba ndio unaokupandisha kwenye basi. Ndiyo maana lazima uanzie pale kila mara. Ukianzia Google utafika geti lile lile, lakini kwa miguu.

Piga picha za skrini hatua kwa hatua, na uzipige kwa simu. Picha za kompyuta hazimsaidii mtu ambaye menyu yake imejificha nyuma ya vistari vitatu kwenye kona. Kisha, na hili wengi wetu tunaliruka, onyesha mambo yakiharibika. Onyesha ukurasa unaodai dola thelathini na kitu ili kusoma makala moja, na uandike chini yake kwa herufi nene: usilipe, rudi kwenye kiungo cha maktaba. Onyesha ujumbe mwekundu wa nywila iliyokataliwa, na useme wazi nywila ni ipi, ya potali ama ni nyingine. Onyesha ukurasa mweupe usiofunguka, ambao mara nyingi tiba yake ni kufungua kwa kivinjari kingine. Mwanafunzi akikutana na kosa ambalo amekwisha kuliona kwenye somo, hatishiki. Anajua yuko njiani.

Halafu kuna suala la lini. Desturi yetu ni kuwakusanya freshas wiki ya kwanza, wakiwa bado wanatafuta nyumba ya kupanga na foleni ya usajili haijaisha, tukawamwagia maktaba nzima. Hawana swali, kwa hivyo jibu halina pa kukaa. Mimi sasa naomba ratiba za asaimenti kwa wahadhiri mapema. Wachache hujibu kwa barua pepe. Wengi unawapata kwa kuwafuata kantini. Ukishajua kwamba darasa la afya ya jamii lina kazi ya utafiti wiki ya sita, somo lako lifike wiki ya tano, likiwa na jina la kozi yao juu yake na mfano wa mada yao ndani yake. Mhadhiri akilitaja darasani kwa sentensi moja, "someni hiki kabla hamjaanza," linasomwa. Asipolitaja, hata uweke muziki halisomwi.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini cha kazi yetu, nalo ni maneno.

Yeyote aliyekulia Nakuru anayajua meno ya kahawia. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku hupita hapo. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikisafisha maji kwa mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Karibu kila familia ina mtu ambaye hapendi kupigwa picha akicheka. Kwa hivyo mwanafunzi wa hapa akiambiwa achague mada ya afya, hiyo huja yenyewe.

Niliketi na binti mmoja aliyekuwa ameichagua. Nilimwambia atafute kama kawaida yake, mimi nikanyamaza. Akafungua hifadhidata na kuandika kwa Kiingereza sentensi nzima: "why do people in Nakuru have brown teeth". Matokeo: sifuri. Akanitazama kama mtu aliyekuta duka limefungwa saa sita mchana.

"Mwalimu, kwani hakuna mtu ameandika?"

Wameandika, tena wengi. Ila wanaoandika majarida hawasemi meno ya kahawia. Wanasema "dental fluorosis". Neno hilo huwezi kulibuni, na mama mboga hatakuuzia. Nilimwelekeza alitafute kwenye Wikipedia, naye akasita, akidhani namtega. Nikamwambia Wikipedia haitaingia kwenye orodha yake ya marejeleo, lakini haikatazwi kumsalimia mtu njiani ukamwuliza nyumba ya fulani ni ipi. Dakika mbili akarudi na maneno matatu: "fluorosis", "fluoride", na "groundwater" badala ya maji ya kisima.

Akaandika "fluorosis AND Nakuru". Zikaja makala chache, akafurahi, lakini hazikutosha. Tukalegeza kamba: mahali pa Nakuru peke yake tukaweka Nakuru OR Naivasha OR "Rift Valley". Zikamiminika, na nusu yake zilikuwa za Ethiopia. Alitaka kuzifuta zote. Nikamwuliza, bonde hilo linaanzia wapi? Akacheka. Bonde ni lile lile, volkano ni zile zile, shida ni ile ile. Akabakiza moja ya Ethiopia ya kulinganishia, na kwa zilizobaki akaongeza AND Kenya. Kisha nikamwonyesha kusoma muhtasari kwanza kabla ya kupakua chochote, ili bando lisiishe kwa makala ambazo hatazitumia, na kuchungulia marejeleo ya makala moja nzuri ili zile nyingine zivutike kama nyuzi.

Yote hayo yalichukua dakika ishirini. Somo nililoliunda baadaye ni dakika ile ile ya sifuri na kilichofuata, hakuna zaidi. Sifundishi AND na OR kama hesabu za seti. Mwanafunzi anaanza kwa kuandika sentensi yake ya nyumbani, anapata sifuri yake mwenyewe, ndipo anaulizwa: mtaalamu angeliitaje jambo hili? Ukimpa jibu kabla hajaonja ile sifuri, ataona unamchosha.

Kwa hivyo ukibaki na muda wa kutengeneza kitu kimoja tu, tengeneza kamusi ndogo ya safu mbili: neno la nyumbani upande mmoja, neno la majarida upande wa pili. Anayetafuta habari za chama cha akina mama wa ploti atafute "rotating savings". Boda boda ni "motorcycle taxi". Jua kali ni "informal sector". Mtaa kama wa kwetu, makala nyingi huuita "informal settlement", jina ambalo wakazi wenyewe hawalitumii, na hilo nalo ni mjadala mzuri wa darasani. Mama fua utamkuta amefichwa ndani ya "casual domestic work". Waombe wanafunzi waiongeze kamusi hiyo kila muhula. Wao ndio wanaojua maneno yaliyowashinda. Mtoto wa Kenya huwaza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha ya mama, na hifadhidata inamsubiri kwa Kiingereza cha madaktari. Umbali huo ndio anaopotelea, nami sikuutaja hata mara moja katika slaidi zangu sitini na mbili.

Kwa sababu hiyo sioni haya kueleza kwa Kiswahili na kuacha maneno ya kutafutia yakiwa kwa Kiingereza. Kuna wenzangu wanaoona hilo linashusha hadhi ya chuo. Waketi na mwanafunzi dakika ishirini, kisha tuzungumze.

Kuhusu umbo la somo, hesabu kwa megabaiti kabla hujahesabu kwa dakika. Saa moja ya darasa la video inaweza kula zaidi ya megabaiti 500. Makala ya kawaida ya PDF mara nyingi haizidi megabaiti mbili au tatu. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye WhatsApp haufiki hata moja. Ukimlazimisha yule wa Kaptembwo atazame video yako ya dakika arobaini, umemlia bando ambalo lingemshushia makala zote tano na chenji ikabaki. Ukurasa wa maandishi wenye picha chache zilizopunguzwa uzito uwe ndio somo lenyewe; video, ukiitaka, iwe fupi ya dakika mbili au tatu, ionyeshe kitendo kimoja, na iwe na maandishi chini kwa ajili ya asiyesikia vizuri na kwa ajili ya yule ambaye redio ya jirani haimruhusu kusikia. Usianze video kwa nembo ya chuo inayozunguka sekunde kumi na tano. Hizo ni pesa za mtu.

Ukishalimaliza, usilitangaze bado. Tafuta wanafunzi watano, mmoja mmoja, wakiwa na simu zao wenyewe, hasa ile iliyopasuka kioo na iliyojaa hadi haina nafasi ya picha moja. Mpe kila mmoja kazi: ingia, tafuta makala moja juu ya mada yako, nitumie. Mwambie aseme kwa sauti anachowaza. Halafu wewe funga mdomo. Hapo ndipo pagumu. Mkono utakuwasha kumwonyesha kitufe. Acha. Kitufe kisichoonekana na watu watatu kati ya watano hakipo. Mimi nilimlipia kila mmoja chapati madondo, na nimewahi kuhudhuria warsha ghali za hoteli ambazo hazikunifunza robo ya nilichojifunza siku ile. Nilifuta ukurasa mzima nilioupenda, wenye mchoro wa mduara wa hatua za utafiti. Hakuna hata mmoja aliyeusoma. Walikuwa wakiuruka kwa kidole gumba kama tangazo.

Panga pia saa za kujibu maswali usiku. Maktaba yenye msaada wa mtandaoni unaofungwa saa kumi na moja jioni imemfungia nje anayeanza kusoma saa tatu. Saa mbili za jioni mara mbili kwa wiki, kwa zamu, zinatosha kuanzia. WhatsApp ndiyo wanayoitumia, lakini angalia jinsi unavyoliunda kundi: ukiwaingiza wanafunzi mia mbili kwenye kundi moja, umegawa namba zao za simu, zikiwemo za mabinti ambao wataanza kupigiwa usiku, kwa watu wasiowajua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata isingekuwepo, ni adabu. Tumia njia inayoficha namba, au waache waandike kwako moja kwa moja. Maswali yanayojirudia yahamishie kwenye ukurasa, bila jina la aliyeuliza.

Roboti za kuandika siwezi kuzikwepa, maana zimefika hadi kwenye kile chumba cha futi kumi. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, napokea orodha za marejeleo zilizopangwa vizuri mno, zenye mwaka, juzuu na kurasa, na nusu yake hazipo duniani. Kuhubiri hakusaidii. Mimi huwasimulia kisa cha mawakili wa New York waliowasilisha mahakamani kesi sita zilizobuniwa na programu hiyo. Juni 2023 jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Wanafunzi wa sheria hukaa wima. Kisha nawapa orodha ya marejeleo sita, mawili kati yake nimeyabuni mimi, na kazi ni kuyakamata: tafuta kichwa cha makala, tafuta jarida, angalia kama juzuu hiyo ina ukurasa huo. Ni zoezi wanalolipenda kuliko yote, pengine kwa sababu linawapa nafasi ya kumkamata mwalimu.

Bila roboti pia uongo ulikuwepo. Anayefundisha Kenya anakijua kitabu cha mbinu za utafiti cha Mugenda na Mugenda cha 1999. Kimo katika orodha ya karibu kila mradi, na ninashuku wengi wamekinakili kutoka orodha ya aliyewatangulia bila kukigusa jalada. Ndiyo maana siamini majaribio ya mwisho wa somo yenye maswali ya kweli au si kweli. Kama unataka kujua somo lako limefanya kazi, mwombe mhadhiri akuonyeshe orodha za marejeleo za darasa zima, za mwaka huu na za mwaka uliopita. Chagua kumi. Fungua kila rejeleo. Hesabu yanayofunguka, na yale yanayohusiana kweli na mada. Inachosha, na ndicho kipimo pekee ninachokiheshimu.

Jambo jingine, nalipita haraka: vyuo vingi vidogo vya huku havina pesa za kulipia hifadhidata, na hata vikubwa humfungia mwanafunzi mlango siku anapohitimu. Usimfundishe njia ya kulipiwa pekee. AJOL, ambayo ilianza 1998 na ina makao Afrika Kusini, imejaa majarida ya Kiafrika, na mengi husomwa bure. DOAJ, ya tangu 2003, ni orodha ya majarida ya wazi ya dunia nzima. JSTOR humruhusu mtu binafsi aliyejiandikisha kusoma makala hadi 100 kwa mwezi kwenye skrini. Hazina za vyuo vyenyewe, Egerton, Kabarak na vingine, zina tasnifu zilizoandikwa juu ya vijiji na mitaa ambayo majarida ya Ulaya hayajawahi kuyasikia. Anayetafuta kitu kuhusu Rhonda au Kaptembwo aanzie huko. Na maktaba ya umma ipo Nakuru, yenye meza na ukimya, kitu ambacho hakuna bando linalokiuza.

Somo la mtandaoni huoza kama nyanya. Hifadhidata hubadilisha sura, kiungo hufa, potali huhamishwa, na picha zako za skrini zinabaki kuonyesha kitufe cha kijani ambacho sasa ni cha bluu. Weka siku moja kila muhula ya kulipitia lote kwa simu, ukiwa nyumbani, kwa bando lako mwenyewe, si kwa wifi ya ofisi. Mimi nilifanya hivyo Jumapili iliyopita, nimeketi nje ya mlango karibu na bomba la ploti, foleni ya mitungi ikisogea. Viungo vitatu vilikuwa vimekufa. Cha nne kilifunguka, kikaniuliza nywila, nikaiandika, ikakataa. Ilinichukua dakika nzima kukumbuka kwamba si ile ya potali, ni nyingine.